Vijana Walishirikishwa

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu. Katika miaka hiyo kuna sentensi moja nimeiandika kwenye daftari la mihtasari mara nyingi kuliko jina langu, na leo nikiisoma naona aibu: "Vijana walishirikishwa."

Niliiandika siku tuliyochimba mtaro wa bomba kutoka kwenye tangi hadi zahanati. Mbiu ilipigwa Jumamosi jioni. Jumapili, jua halijachomoza, vijana walikwishafika na majembe, sururu na makoleo. Sisi wanakamati tulikaa chini ya mwembe na mchoro tulioachiwa na fundi. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya bomba mjini miaka mitatu akatusogelea, akatuamkia, akatuambia kwamba njia tuliyoichagua inakatiza mkondo wa maji ya mvua, kwamba udongo wa pale ni kichanga na masika yatalifukua bomba, na kwamba tukipanda juu hatua arobaini tutapata udongo mgumu. Aliyasema kwa heshima zote. Akajibiwa, "Mwanangu, ninyi chimbeni." Wakachimba. Masika yakaja, mtaro ukafukuka, bomba likaachana sehemu mbili, na zahanati ikakaa wiki tatu bila maji. Wanawake waliokuja kujifungua, ndugu zao walibeba madumu kutoka nyumbani. Muhtasari wa siku ile ninao hadi leo. Haumtaji yule kijana. Unasema vijana walishirikishwa.

Lugha yetu wenyewe inatushtaki. Shiriki, shirikisha, shirikishwa: anayeshirikishwa ametendwa. Yupo mtu mwingine mwenye shughuli yake, ameketi juu, ameamua kumgawia mwenzake kipande kwa saa aitakayo yeye na kwa kiasi akitakacho yeye. Kushirikiana kuna mnyambuliko mwingine kabisa, ule wa pendana, saidiana, zikana. Hakuna mtu anayependana peke yake. Hakuna anayezikana peke yake. Sasa chukua taarifa yoyote ya mradi, iwe ya halmashauri au ya shirika la wafadhili, uhesabu ni mara ngapi utakutana na "kuwashirikisha vijana", kisha utafute ni mara ngapi imeandikwa "kushirikiana na vijana". Nimefanya hivyo na makabrasha yaliyojaa kabati langu. Sikuhitaji vidole vya mkono wa pili.

Nawaandikia watu wazima wenzangu, wale wa umri wangu na walionizidi, tulioshika viti, kalamu na mihuri ya vijiji na mitaa ya nchi hii. Tumewageuza watoto wetu vibarua wa maendeleo, tukauita ubarua huo ushirikiano. Nenda msibani. Kijana ndiye anayechimba kaburi, anayefunga turubai, anayepanga viti, anayekesha kwenye moto wa pilau na kuosha masufuria wenzake wakiondoka. Rambirambi zinahesabiwa chumbani na wazee watatu. Nenda kwenye ujenzi wa darasa: kijana ndiye anayesomba mchanga na kufyatua tofali. Bei ya saruji aliipatana nani na nani? Haijui. Siku ya uzinduzi anavishwa fulana mpya yenye kauli mbiu kifuani, anapigwa picha pembeni ya mgeni rasmi, na picha inakwenda kwenye taarifa.

Na tunazo methali za kujikinga. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, kana kwamba mtoto wa mtu ni kitu cha kukunjwa. Penye wazee hapaharibiki neno, tunasema, na bomba limelala nje ya mtaro. Lakini linaloniudhi kuliko yote si la wahenga, ni la majukwaani: vijana ni taifa la kesho. Kesho ipi? Mtu wa miaka 24 kijijini kwetu ana mke, ana watoto wawili, anatoa mchango wa darasa kama ninavyotoa mimi, ananunua ndoo ya maji kwa bei ile ile ninayonunua mimi, anakatwa makato anapotuma pesa kwa simu kama ninavyokatwa mimi. Kwenye kulipa ni wa leo. Kwenye kuamua tunamwambia asubiri kesho, na kesho hiyo tunaisogeza kila akiikaribia.

Wanaodai kwamba mila zetu haziruhusu kijana kushika jambo mbele ya wazee wanawasingizia wazee wetu. Hebu turudi Dar es Salaam ya miaka ya hamsini. Aprili 1953 chama cha TAA kilimchagua kuwa rais wake Julius Nyerere, mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 31. Alikuwa mgeni mjini, mtu wa Butiama, Mkatoliki katika mji ambao wenyeji wake wengi walikuwa Waislamu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipozaliwa kutokana na TAA alikuwa na miaka 32, na wengi waliomzunguka walikuwa rika lake au wadogo zake. Abdulwahid Sykes hakuwa ametimiza 30. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, naye hakuwa ametimiza 30 alipoanza kuwakusanya wanawake wa mji ule, wauza vitumbua, wanangoma, wapika pombe, na kuwaingiza chamani kwa wingi ambao wanaume hawakuutegemea.

Wazee walikuwa wapi? Walikuwepo, na hapo ndipo penye somo tulilolisahau. Kulikuwa na Baraza la Wazee wa TANU likiongozwa na Sheikh Suleiman Takadir. Kulikuwa na John Rupia, mfanyabiashara aliyetia fedha zake mfukoni mwa chama kichanga. Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, na aliporudi ikambidi achague kati ya ualimu wa Pugu na siasa, akaacha ualimu, hana mshahara, na akapata pa kukaa katika nyumba ya Sykes. Tazameni wazee wale walitoa nini. Walitoa majina yao, yaliyofungua milango ambayo kijana asingefunguliwa. Walitoa fedha na dua. Kisha wakamwachia kiti na kipaza sauti. Hawakumwita taifa la kesho wala hawakumwambia abebe viti vya mkutano ili wao waseme. Wala haukuwa ushirikiano wa kuchekeana: Sheikh Takadir na Nyerere walikuja kutofautiana vikali, na mzee akaondolewa chamani. Liliuma, na ni haki liendelee kusimuliwa. Lakini watu wanaogombana juu ya uamuzi ni watu ambao wote wawili wana mkono katika uamuzi huo. Kijana wa kwetu hagombani na kamati. Atagombania nini, wakati hana alichoshika?

Mwaka 1964 nchi hii ilimtuma Salim Ahmed Salim kuwa balozi Misri. Alikuwa na umri wa miaka 22. Ishirini na miwili! Leo, kijijini kwetu, mtu wa miaka 22 hapewi funguo za ghala la mbolea.

Ngoja nisimulie jambo lililonifanya niandike makala hii, maana limekaa kooni kwangu miezi mingi.

Sheria ya Serikali za Mitaa, ile Namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na ndicho chombo chenye kauli ya mwisho kijijini. Mbele ya mkutano huo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Katika mkutano wetu mmoja alisimama binti mwenye cheti cha uhasibu, aliyerudi nyumbani baada ya kuhangaika na ajira mjini. Akawaamkia wazee, akasema, "Tunaomba tusomewe mapato na matumizi ya mradi wa maji." Ni hayo tu. Mzee mmoja akainuka kabla mwenyekiti hajafungua mdomo: "Binti, hiyo ndiyo lugha ya kusema mbele ya baba zako?" Watu wakaguna. Binti akaketi. Mimi katibu nilikuwa nimeketi meza ya mbele na nikajitia kuandika.

Nilijua kwa nini hesabu hazisomwi. Daftari lilikuwa na pengo la miezi minne. Hakuna aliyeiba. Mhazini wetu, mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, alikuwa amepata mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikuwa haoni mistari. Alizishika hesabu kichwani, akimwomba mjukuu wake wa darasa la tano amwandikie pale mtoto alipokuwepo, na aliona haya kusema. Tungempa yule binti daftari, yeye aandike na mzee akumbuke, mradi ungekuwa na mhazini ambaye hakuna wilaya yenye wa kumshinda: mmoja anajua kila mlipaji na kila mwenye deni tangu bomba la kwanza, mwingine anajua kuyapanga hayo kwenye vitabu. Badala yake tulilinda heshima yake kwa kumnyamazisha mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumsaidia. Mota ya pampu ilipoungua na fedha za kununua nyingine zikawa hazifahamiki ziko kiasi gani, kijiji kizima kilisema mzee amekula. Alijiuzulu. Akahamia kwa mwanawe wa kike, mji wa mbali, na hakuaga. Fedha zilipohesabiwa upya benki zilikuwepo, kiasi kile kile alichosema yeye kwa mdomo.

Kwa hiyo msinieleze kwamba tunawazuia vijana ili kulinda heshima ya wazee. Mzee wetu tulimpoteza kwa sababu ya kuwazuia vijana.

Katiba yetu, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Uamuzi, imesema. Kubeba tofali hakukuandikwa pale. Mwaka 2015 Bunge likatunga sheria ya kuunda Baraza la Vijana la Taifa. Sheria ikapita, Rais akaitia saini, na miaka ikafuatana bila baraza. Wenzangu wakiulizwa watakuambia vijana wametengewa mikopo. Ni kweli: tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema na limewainua watu ninaowajua. Lakini itazameni vizuri. Bajeti ya halmashauri ina milango mingi, na mlango tuliomwonyesha kijana ni ule wa kukopa. Anaingia akiwa mdaiwa. Kwenye meza ambapo inaamuliwa barabara ipi ichongwe na zahanati ipi ipate dawa, hayupo. Na Aprili 2023 mikopo hiyo iliposimamishwa kwa sababu ya dosari zilizoibuliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ni kijana yupi aliyeitwa kuulizwa isimamishwe au irekebishwe ikiendelea?

Jirani zetu walitupa onyo. Juni 2024 vijana wa Kenya walikuwa wameusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakaueleza kwenye TikTok hadi mama muuza mboga akauelewa. Mikutano ya kutoa maoni ilikuwa imefanyika, kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Muswada ukapitishwa Bungeni. Tarehe 25 walijaa barabarani na kuingia hadi ndani ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilihesabu watu 39 waliokufa katika maandamano ya majuma yale. Watoto wa watu, 39. Kila mtu mzima anayeandika "walishirikishwa" mahali ambapo uamuzi umeshakatwa, ajue anachokiweka akiba.

Najua mtakalonijibu, nimelisikia likisemwa kwenye vikao vyote nilivyokaa. Vijana hawatulii, leo yupo kesho amepanda basi kwenda mjini. Ndiyo, wanaondoka. Mtu hukaa mahali ambapo neno lake lina uzito. Yule fundi bomba aliyetuonya kuhusu mtaro yuko Kahama sasa, analaza mabomba ya watu wanaomsikiliza. Vijana wanataka posho. Na sisi? Nani kati yetu amewahi kukaa kikao cha wilaya akarudi bila bahasha? Vijana wana haraka. Mama anayejifungulia gizani kwa maji ya dumu naye ana haraka. Watakosea, mnasema. Watakosea, naam, na watakosea wakiwa na watu wazima pembeni yao wa kuwaambia masika ya mwaka gani yalibomoa daraja, kuliko kukosea baadaye sisi tukiwa kaburini na hakuna wa kuulizwa.

Maana mimi siamini katika vijana peke yao. Wapo wanaotupigia kelele tukae pembeni wote, na nao wanakosea. Mtafiti Roger Hart aliichorea UNICEF mwaka 1992 ngazi ya vidato vinane vya ushiriki wa watoto na vijana. Vidato vitatu vya chini ni hadaa, pambo na ushiriki wa jina tu, navyo alisema si ushiriki hata kidogo; fulana zetu za uzinduzi ziko hapo. Watu wengi hudhani kidato cha juu kabisa ni vijana kujiendeshea mambo wenyewe. Sivyo. Juu kabisa aliweka vijana wanaoanzisha jambo na kuamua pamoja na watu wazima.

Lamu, huko Kenya, walikipanda kidato hicho. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipotakiwa kujengwa kwao, ripoti ya mazingira ilikuwa Kiingereza kitupu, mamia ya kurasa. Mvuvi mzee wa Lamu anajua samaki anataga wapi, mkondo wa kusi unapeleka wapi uchafu, ila ripoti ile hawezi kuijibu. Kijana mwanasheria anaweza kuijibu, ila hajui samaki anataga wapi. Wakaketi pamoja, wakaenda mbele ya Mahakama Maalumu ya Taifa ya Mazingira pamoja, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mtambo ikafutwa, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumbe neno hili likishikwa na watu wawili linaweza kuzuia mradi wa mabilioni.

Ninachokitaka kwa vijiji na mitaa yetu hakihitaji warsha wala mshauri mwelekezi. Nataka saini ya pili benki iwe ya mtu aliye chini ya miaka 30. Nataka daftari la mihtasari lishikwe na kijana, na mzee alisahihishe kwa kumbukumbu. Nataka ajenda ipangwe na wote wawili kabla ya mkutano, na si kijana kupewa "mengineyo" saa saba mchana watu wakiwa wanakung'uta vumbi waondoke. Kamati isiyoweza kutoa hayo iache kuandika neno ushirikiano kwenye karatasi zake, iandike nguvu kazi, ili watoto wetu wajue wameitiwa nini.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa yule binti mhasibu. Nilichukua daftari la mihtasari kwapani, nikakusudia kumwachia. Aliniamkia, akaniletea kigoda, akanisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia nimefanya makosa siku ile kunyamaza, na kwamba mkutano mkuu wa robo hii nitapendekeza yeye awe katibu.

Akaniuliza, "Na saini ya benki, baba?"

Nikasema hiyo bado, kamati inalijadili.

Alilifunika daftari lililokuwa wazi mapajani mwake, akanirudishia kwa mikono miwili kama anavyorudishiwa mtu mzima kitu chake, akasema nirudi navyo vyote viwili.